Sungura Ruksa na Beseni Jekundu

Wenzangu tuliokuwa wadogo pale Lindi miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, mnakumbuka siku beseni la kwanza la plastiki lilipoingia nyumbani kwenu? Mimi nakumbuka hadi harufu yake. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa karai na ndoo ya bati, na sufuria zetu fundi bati alishaziziba mara tatu tatu. Sabuni ilisubiriwa kama mgeni wa mbali. Ikikosekana, nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na shuleni unafika kaptula au sketi ina mabaka ya kijani. Halafu ghafla maduka yakajaa. Kandambili za rangi, sabuni zinazonukia maua, vikombe vyepesi hata upepo unavipeperusha. Watu wazima, tena wenye heshima zao, walikuwa wakiingia dukani, wanashika sabuni, wanainusa, wanairudisha, wanaondoka zao wakitabasamu.

Nilikuwa na miaka kumi. Wazazi wangu walikuwa Nachingwea kikazi, mimi nikaachwa Mtanda, hapo hapo Lindi, kwa Bibi yangu mzaa mama ili nisome. Mtoto wa kutulia sikuwa, hilo nikiri mapema. Kwenye mchezo wa rede nilikuwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kugombana. Kwenye kombolela sikuweza kujificha, nikikaa nyuma ya ukuta dakika mbili tu miguu inaanza kuwasha. Bibi akinitazama alikuwa anasema, "Huyu mtoto kamwagiwa upupu tumboni mwa mamaye." Watoto wa siku hizi wanakaa kwenye kochi kutwa nzima, shingo imeinama kwenye simu, husikii hata pumzi, mpaka unakwenda kuwagusa kama wazima. Sisi tungefungwa hivyo kwa saa moja tungekula ukuta.

Mjomba Saidi, mdogo wake mama, ndiye aliyetuletea balaa. Miaka hiyo kila mwenye miguu alikuwa mfanyabiashara, na yeye akajitosa kwenye machungwa. Alikuwa akipanda malori mpaka Kipatimu, kwenye vilima vya Wamatumbi, anarudi baada ya siku tano ana vumbi mpaka kwenye kope. Safari moja alirudi na tenga la machungwa, na juu ya machungwa kikapu kidogo kimefungwa kwa kamba. Ndani ya kikapu mna sungura wa kijivu, mdogo hata kwenye kibaba angeenea, masikio yamelala, pua inacheza cheza.

"Chukua, wa kwako huyo," Mjomba akaniambia. "Nimepewa na mwenyeji wangu kule."

Jamani! Mimi nilikuwa sijawahi kuwa na kitu changu peke yangu. Nguo zilikuwa za binamu, madaftari nusu yake yameandikwa na kaka yangu. Nilimkumbatia yule mnyama mpaka Mjomba akanionya kuwa nitamtoa roho. Nikamwachia sebuleni, akaenda chini ya kitanda cha Bibi, akaja ukumbini, akaingia jikoni, akatoka uani, akarudi, hana habari na mtu. Mjomba akacheka, akasema huyu naye amesikia matangazo, kwake kila mahali ni ruksa. Jina likawa hilo.

Uani hakuweza kulala. Kicheche alikuwa ameshamaliza vifaranga vya Bibi wiki ileile, anaacha manyoya tu. Kwa hiyo Ruksa akalala ndani. Hapo ndipo maneno yalipoanza, maana Bibi yangu alikuwa mtu wa twahara. Nyie wenzangu wa pwani mnawajua bibi wa namna hiyo. Kandambili za chooni haziingii ukumbini. Kopo la udhu halichotewi maji ya kunywa. Mtoto mchanga akileta mkojo kwenye mkeka, mkeka unatolewa, unamwagiwa maji mara tatu, unaanikwa juani, na hakuna wa kuukalia mpaka yeye aseme. Isitoshe, ukumbini mwake ndimo walimokuwa wakisalia wanawake wa mtaa mwezi wa Ramadhani. Walikuja kumi, kumi na wawili, wanatandika mikeka toka mlango wa mbele mpaka wa uani. Kwa Bibi ile ilikuwa heshima kubwa kuliko mali yoyote aliyokuwa nayo.

Siku ya nne, Ruksa alikojoa kwenye mswala wake.

Tena si pembeni. Katikati, pale paji la uso linapogusa. Bibi alitoka kutawadha, akainama kutandaza vizuri, mkono ukakuta maji. Akaunusa. Mimi nilikuwa mlangoni nakula muhogo, nikauficha mgongoni.

"Zuhura!"

"Abee, Bibi."

"Njoo uone kazi ya mwenzako."

Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alitoa ule mswala nje, akaniamuru nichote maji, tukaumwagia mara tatu. Tulipomaliza akakaa kwenye kizingiti na kunipa hukumu. Tuko Shaabani, akasema, zimebaki siku kumi na sita au kumi na saba mwezi uandame. Mnyama afundishwe pa kukojoa. Ikifika Ramadhani naye bado anakojoa ovyo ndani ya nyumba ya sala, basi anakwenda kwa Mama Anjelina, na akifika huko asije akauliza amefikaje.

Mama Anjelina alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mmakonde wa kule Newala, Mkristo, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Yeye na Bibi walikuwa watani wasiochoka. Alikuwa akifuga bata, simbilisi, na sungura kwenye banda la miti nyuma ya nyumba, na hakuwa akiwafuga wa kutazama. Tangu Ruksa afike, kila asubuhi alikuwa akimwita Bibi juu ya ukuta, "Mwenzangu, huyo mtoto wako bado tu hajanenepa? Nazi ninayo." Bibi anajibu, "Subiri, na wewe nitakuweka chungu kimoja naye." Wanacheka wote wawili. Mimi sikuwa nacheka hata kidogo.

Nikaanza kazi. Beseni jekundu alilokuwa amelileta Mjomba kutoka Dar es Salaam lilikuwa limeshapata ufa mdomoni, nikapewa. Kwa fundi seremala wa kona nikaokota maranda, yale makunyanzi ya mbao yanayoanguka akipiga randa, nikatandika humo ndani laini kama godoro. Nikambeba Ruksa, nikamweka katikati. Akanitazama. Akaruka nje, akaenda hatua tatu, akakojoa.

Nikamrudisha. Akatoka. Nikamrudisha, nikamshikilia, akatulia kimya mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Nilipomwachia tu akaenda kukojoa nyuma ya mtungi wa maji, kwenye ujia wa kwenda uani. Nikambembeleza kwa majani ya viazi. Alikula majani yote, akashukuru nyuma ya mtungi. Siku nyingine nilishikwa na hasira nikampiga kofi la mgongo, akakojoa hapo hapo nilipokuwa nimesimama, juu ya mguu wangu. Nililia siku ile. Nilimwambia, "Watakula wewe, mjinga wewe! Husikii?" Naye anachezesha pua tu.

Sharti la Bibi lilikuwa moja: beseni lisikae na najisi ndani ya nyumba. Kila lilipoguswa, hata kwa vidonge viwili vya mavi, lioshwe. Na mimi nilikuwa naosha kweli, haki ya Mungu. Nilikuwa nakimbia nalo mpaka bombani, naliosha kwa ile sabuni mpya ya maua, nalisuuza mara tatu, nalianika. Halafu, kwa wema wangu mwenyewe, nikaona nimsaidie sungura apapende mahali pake: nikachukua chetezo cha Bibi, nikatia kaa la moto na kipande cha udi, nikalifunika beseni juu yake mpaka likanukia kama chumba cha bi harusi. Ndipo naweka maranda mapya. Ruksa anakuja, ananusa ukingo mara moja, anapiga chafya, anaondoka.

Siku zikawa zinakwenda. Sikuweza kula nikashiba. Darasani nilikuwa nahesabu siku badala ya hesabu za ubaoni, na kengele ya mapumziko ikigongwa natimua mbio mpaka nyumbani, natazama chini ya vitanda, nafuta, nakimbia kurudi. Mara tatu nilikuta mlango wa darasa umefungwa nikala fimbo za mkononi. Mwalimu akaniuliza nyumbani kuna nini. Nikasema kuna mgonjwa.

Zilikuwa zimebaki siku saba Mama Anjelina aliponikuta bombani. Niko nimeinama nasugua lile beseni mpaka rangi inatoka. Akatua ndoo yake.

"We mwanangu, hilo beseni lina nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, la sabuni, la kusuuza mara tatu, na la udi. Nilipofika kwenye udi akakaa chini. Alicheka mama yule mpaka akafuta machozi kwa kanga.

"Unamfukuza mwenyewe! Mnyama hana macho ya kusoma kibao cha choo, anajua kwa pua. Ananusa mkojo wake anasema, aa, hapa kwangu. Wewe unamwoshea, unamfukizia, atajuaje ni pake? Chukua maranda aliyokojolea, na vidonge vyake kiganja kimoja, weka ndani ya beseni. Liweke pale pale anapopenda yeye, nyuma ya mtungi. Mzungushie kitu asizurure. Na usioshe. Siku nne, tano, usiguse."

"Bibi hatakubali. Ni najisi."

"Basi kamwambie nimesema mimi."

"Hatakubali, Mama."

Akanitazama, akaacha kucheka. "Hayo sasa ya kwenu, mwanangu. Mimi nimekwambia ya sungura."

Nilirudi nyumbani. Bibi alikuwa barazani anasuka ukili. Ningeweza kumwambia pale pale. Nilisimama mbele yake, nikafungua mdomo, nikaona alivyoutandaza ule mswala wake kwenye kamba, nikaufunga. Nikapita ndani. Nikafuta mkojo wa nyuma ya mtungi kwa maranda, nikayatupa ndani ya beseni, nikaokota vidonge vyeusi kama pilipili manga nikatia humo, nikaliweka hapo hapo, nikazungusha kreti mbili za soda za Mjomba, nikamweka Ruksa ndani.

Jioni nikasikia sauti kutoka barazani, "Zuhura, umeosha?"

"Nimeosha, Bibi."

Ilitoka hivyo, nyepesi kama kumeza mate. Bibi akasema, "Ahsante, mjukuu wangu," akaendelea na ukili wake. Hakuinuka. Hakuwa na sababu ya kuinuka, nilikuwa nimesema nimeosha.

Siku ya pili nikawa mjanja zaidi. Nikaloweka kitambaa nikafuta ukingo wa nje wa beseni uonekane na maji, na mikononi nikajipaka sabuni ya maua ili ninuke. Umeosha? Nimeosha. Siku ya tatu nilitoka shule nikakuta maranda yamelowana pembeni, na chini, kote kote, pakavu. Nikapiga magoti nikagusa sakafu kwa viganja viwili. Pakavu! Nikaondoa kreti moja. Ruksa akatoka, akazunguka ukumbi mzima, akanusa miguu ya meza, akafika mlangoni, nami nimeshika roho mkononi. Akageuka. Akarudi mbio mbio, akaruka ndani ya beseni, akakunja mkia, macho yameangalia mbali kama mzee yuko chooni. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili nikikimbia, peke yangu, bila sababu. Furaha ile sijaipata tena, hata siku nilipopata cheti.

Umeosha, Zuhura? Nimeosha, Bibi.

Mwezi ukaandama. Wanawake wakaja baada ya Isha, ukumbi ukajaa mikeka na kanga nyeupe, na beseni lilikuwa kwenye ujia wa kwenda uani, nyuma ya pazia. Mmoja wao akaulizia yule sungura, maana mtaa mzima ulishasikia habari za mswala. Bibi akanivuta mkono akanisimamisha mbele yao.

"Mjukuu wangu huyu. Kaosha beseni lile kutwa mara tano, mpaka mnyama mwenyewe kaona haya."

Wakacheka, wakasema mashaallah, mtoto ana twahara, kamfuata bibi yake. Mmoja akanipa tende. Niliishika ile tende sala nzima, ikayeyukia kiganjani, sikuweza kuiweka mdomoni. Mwaka ule nilikuwa nafunga kwa mara ya kwanza, na mchana kutwa njaa haikuwa shida yangu. Nilikuwa najiuliza tu kama funga ya mwongo inahesabiwa. Nilikaa, nikasimama, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Siku ya tatu ya Ramadhani, alasiri, nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi ya futari, Bibi ananisubiri na kung'uto achuje tui. Nikaacha kukuna.

"Bibi, sikuwa naosha."

"Hukuosha nini?"

"Beseni. Tangu ile wiki ya mwisho. Mama Anjelina kasema nikiosha hatajua ni pake. Nikaacha."

Bibi akaweka kung'uto chini. Akaenda ujiani, nikamsikia akisogeza pazia. Aliporudi akakaa pale pale alipokuwa.

"Na Mama Anjelina ndiye aliyekwambia uniambie umeosha?"

"Hapana, Bibi."

"Kwa hiyo hilo la kwako."

"Ndiyo, Bibi."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilingoja kofi, nilingoja aite Mjomba, nilingoja Ruksa abebwe kwa masikio kupelekwa ng'ambo ya ukuta. Akasema beseni litolewe ndani, likae upenuni kwenye mlango wa uani, mahali pasipopita watu wa sala, na hayo maranda yabaki kama jirani alivyosema. "Mnyama atabaki. Yeye kajifunza, hana kosa. Haya, kuna nazi, jua linakwenda."

Basi! Nilikuna nazi ile machozi yanadondokea humo kwa raha. Nilidhani yamekwisha.

Kesho yake jioni nilikaa ujiani kusubiri niulizwe. Safari hii nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa, maranda ya juu nimebadilisha, upenu nimefagia na kuumwagia maji. Sauti haikuja. Nikasikia mkono wa Bibi unagusa ukuta, maana magoti yake yalishaanza kuuma, akapita mbele yangu pole pole mpaka mlango wa uani, akainama, akatazama beseni kwa macho yake, akarudi. Hakuninunia. Aliniuliza kama nina kiu. Lakini toka siku ile, hakuniuliza tena kama nimefanya jambo. Mlango nimefunga? Anakwenda kuusukuma mwenyewe. Kuku wameingia? Anakwenda kuwahesabu. Mimi nilikuwa namkimbilia, "Bibi nimeosha, wallahi nimeosha," naye anajibu, "Haya, mjukuu wangu," huku anaendelea kwenda.

Ruksa tulikaa naye miaka mitano, sungura mwenye adabu kuliko wote mjini. Alikufa kwa uzee wake. Bibi alimfuata miaka michache baadaye, na mwaka wake wa mwisho alikuwa akitembelea fimbo, lakini kila jioni alikwenda kutazama mlango wa uani mwenyewe, na mimi nilikuwa msichana mkubwa wa sekondari, nimesimama pale pale, nimeshaufunga.

Siku hizi binti yangu naye anataka sungura. Amenionyesha kwenye simu, wanauza mpaka mfuko wa mchanga wa kukojolea wanyama, na mtu wa video anaahidi mnyama ataelewa baada ya siku tatu. Watoto hawa wamerahisishiwa mpaka uongo. Kijana wangu ananipigia, "Mama niko njiani, nimekaribia," nasikia nyuma yake watu wanashangilia mpira, naye hata sauti haitetemeki, na mimi namwambia haya baba, njoo salama. Hakuna anayeinuka kwenda kutazama. Hatuna tena muda wa kuumia kwa neno la mtu, na wao hawajui kama kuna kitu wamepoteza.

Mimi nimezeeka na kutotulia kwangu. Mume wangu akiniuliza kitandani, umefunga mlango, nasema ndiyo, nimefunga. Naye anageuka, ananiamini, analala. Mimi nabaki nimefumbua macho kidogo, halafu nainuka, nagusa ukuta, nakwenda kutazama.